Panya Mwenye Mtoto

Lulindi, Masasi
12 Oktoba 1994

Dada Josephina,

Shikamoo. Huku tu wazima wote, isipokuwa Baba, ambaye alijikata kidole cha mguu kwa jembe na sasa anatembea kama mtu anayeogopa kuamsha watoto. Mama anakusalimu sana. Mikorosho imezaa, na mwaka huu wanunuzi ni watatu, kila mmoja na lori lake. Wanapita nyumba kwa nyumba kama wachumba. Baba anawakaribisha wote, anawapa maji ya kunywa, halafu anawaambia warudi kesho.

Mimi nimemaliza darasa la saba. Nakaa nyumbani nikisubiri majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari. Kila Jumatano nakwenda kliniki kumsaidia Nesi Yasinta kupanga kadi za akina mama na kuwashika watoto wanapopimwa uzito. Alitaka pia niwe nawasomea akina mama somo la siku. Nilisoma mara moja. Alisema hata mtoto niliyekuwa nimempakata hakunisikia, kwa hiyo nimerudi kwenye kadi.

Sasa nikuulize jambo, na usinikasirikie. Mwezi wa Agosti uliomba ile mizizi yetu ya porini, ming'oko ya kuchemsha, tukakuletea kikapu. Septemba ukaomba tena, ukasema ile ya kwanza ilikuwa kidogo. Dada, kile kikapu mimi na Mama tulikibeba kwa kupokezana. Na juma lililopita Shemeji Stefano amemwandikia Baba kwamba duka linakwenda vizuri, ila panya wanamsumbua. Anasema panya wa Mnyambe hawararui pakiti za biskuti. Wanazifungua, wanakula, halafu wanakunja karatasi na kuirudisha ndani ya kopo. Baba aliisoma barua mara mbili, akasema panya wa kule juu wamesoma. Mama aliinuka. Alikwenda sandukuni akatoa kanga zake kuukuu, zile laini, akaanza kuzifua.

Huyo panya anaendeleaje?

Mdogo wako,
Lois


Mnyambe, Newala
3 Novemba 1994

Mdogo wangu Lois,

Marahaba. Barua yako imekaa siku kumi na mbili chini ya kiti cha lori la Fakihi, nimeipokea inanuka dizeli. Hata hivyo afadhali yeye kuliko posta, maana anapita kwenu kununua korosho kisha anapanda huku. Stefano mzima. Mama mkwe mzima, anakusalimu kwa Kimakonde, nami nakuandikia kwa Kiswahili ili usipate shida. Mvua bado. Maji tunayafuata bondeni, kushuka ni mchezo, kupanda ni kesi nyingine.

Wewe mtoto umetoka shule juzi na tayari unahesabu vikapu vya watu. Panya haumwi. Panya ana miezi mitano na ushei.

Njaa ya namna hii sikuwahi kuiona, Lois. Miezi ya kwanza chakula kilikuwa adui yangu, nikisikia harufu ya mafuta tu nakimbilia nje. Halafu asubuhi moja nikaamka na njaa ya mtu aliyelima heka nzima. Tunakula ugali, tunanawa, na kabla mikono haijakauka tumbo linauliza kama kuna kingine. Kuomba naona aibu. Hapa ni ukweni, na mkamwana anayemaliza sahani yake kisha akaangalia sufuria husemwa mpaka kisimani. Lakini dukani kuna biskuti. Unalikumbuka duka la kijiji tulipokuwa wadogo, chumvi, viberiti na foleni ya sukari? Sasa Stefano ana biskuti za aina tatu, na anayekaa nazo mchana kutwa ni mimi, yeye yuko kwenye mizani ya korosho. Nani angevumilia?

Nimekwenda kliniki. Nesi wa huku amenitoboa kidole, akasema damu yangu ni pungufu, akanipa vidonge. Akauliza ninakula nini. Nikasema ugali. Akauliza na nini kingine. Nikaangalia dari.

Na hapa ndipo penye uzito. Amesema damu isipopanda kufikia katikati ya Januari, hataniruhusu kuja kuzalia nyumbani. Nitapelekwa Newala mjini nikae karibu na hospitali mpaka siku yenyewe, na nitakaa na nani sijui. Mimba ya kwanza mtu huzalia kwa mama yake. Nimeshapanga kichwani mpaka ukuta nitakaouegemea. Usimwambie Mama habari ya Newala. Mwambie tu nakula vizuri.

Mayai nimekatazwa na mama mkwe, ati mtoto atazaliwa na kipara. Stefano mwenyewe kipara kinamwanza. Sikuthubutu kuuliza ni nani aliyekula mayai.

Dada yako,
Josephina


Lulindi, Masasi
14 Novemba 1994

Dada Panya,

Shikamoo. Kidole cha Baba kimepona, ila amezoea kutembea vile na hataki kuacha. Mama nimemwambia unakula vizuri. Amejibu kwamba hilo Shemeji alishaliandika.

Nilimwuliza Nesi Yasinta bila kukutaja. Nilisema kuna mama mmoja wa mbali. Akaniuliza kama huyo mama wa mbali anaitwa Josephina. Basi nikamweleza yote.

Anasema njaa yako si ulafi wala si aibu, ni mtoto anaomba. Lakini haombi biskuti. Biskuti zinajaza tumbo kwa saa moja halafu zinaondoka bila kuacha kitu. Anasema usile mlo mmoja mkubwa, ule kidogo mara nyingi: uji wenye karanga za kutwanga asubuhi, saa nne kipande cha muhogo au korosho chache ulizobangua, halafu chakula cha mchana, halafu tena kitu saa kumi. Mbaazi na njugumawe ule bila hesabu. Baada ya chakula ule tunda, hata bibo la hapo chini ya mkorosho linafaa sana. Vidonge vya damu umeze kwa maji, usimeze kwa chai. Na mayai anasema ule. Kila Jumatano tunapima watoto wenye vipara ambao mama zao hawajaonja yai tangu waolewe.

Fakihi anapiga honi nje. Nilitaka kukuandikia ukurasa mzima juu ya damu peke yake, lakini nafasi imekwisha na muda pia, kwa hiyo pokea lile kubwa. Nesi anasema kinachopandisha damu ni mboga. Ongeza mboga. Ugali kidogo, mboga nyingi, asubuhi, mchana na jioni. Ulifuate hili kama dawa.

Hukuniambia damu yako ni ngapi. Andika namba.

Lois


Mnyambe, Newala
9 Desemba 1994

Mdogo wangu Lois,

Marahaba. Mvua imeanza, na barabara ya mlimani imeshaanza kuteleza. Stefano amekusalimia, amesema ukija atakupa biskuti zilizosalimika.

Nesi wako nampenda hata kabla sijamwona. Nilimsomea Stefano barua mbele ya mama yake, biskuti na mayai nikaviruka, ule mstari wa ugali kidogo mboga nyingi nikausoma mara mbili. Stefano alikuwa anakwenda Mtwara na lori la korosho. Amerudi na papa mkavu mzima, mrefu kama wewe, na nusu gunia la ng'onda, wale samaki wa chumvi. Sasa nafuata dawa. Asubuhi papa wa kuchoma, mchana papa wa nazi, jioni ng'onda. Mama mkwe ananipikia kwa mkono wake na anasema hajapata kusikia mganga wa hospitali mwenye akili namna hii. Ningejua mapema nisingegusa biskuti.

Kiu tu ndiyo inanitesa. Naumaliza mtungi kama mbuzi aliyefunguliwa. Na nimenenepa miguu. Viatu vyangu vya harusi havinitambui, navaa kandambili za Stefano. Pete imegoma kutoka. Mama mkwe anasema hiyo ndiyo damu inapanda, imejaa mpaka imefika kwenye nyayo. Mchana kichwa kinauma kidogo, nadhani ni jua. Kliniki nitakwenda baada ya Krismasi, niwaonyeshe maajabu.

Sasa ya panya. Stefano alinunua mtego wa chuma akauweka kando ya kopo. Nikawa nakaa nautazama, nao unanitazama. Juzi mama mkwe alipita, akaugusa kwa kijiti ukafyatuka, akamwita mwanawe.

“Uondoe mtego huu,” akamwambia. “Panya huyo ana mtoto.”

Stefano akauliza amejuaje. Mama yake akasema nyayo zake nzito, akatoka zake. Sikujua nicheke au nijifiche nyuma ya gunia la chumvi. Stefano mpaka leo anamsimulia kila mteja kwamba mama yake anajua panya kwa nyayo.

Dada yako,
Josephina


Lulindi, Masasi
14 Desemba 1994

Dada,

Shikamoo. Salamu zitakuja nyuma.

Acha papa. Acha ng'onda. Acha leo, hata kama yuko motoni.

Kosa ni langu. Nesi Yasinta si mtu wa huku, na aliposema mboga alikuwa ameelekeza kidole kwenye picha ya mchicha iliyobandikwa ukutani. Alikuwa anasema majani. Mimi niliandika neno, sikuandika kidole. Nilijua alichokusudia, ndiyo maana sikuona kwamba kwetu neno hilo ni kitoweo chochote. Mama akiniuliza leo tuna mboga gani, mimi mwenyewe humjibu dagaa.

Leo nimemsomea Nesi barua yako. Alicheka mpaka tulipofika kwenye kandambili, hapo akaacha kucheka, akaniambia nisome tena polepole. Samaki hana kosa, anasema, kosa ni chumvi ya siku nzima. Lakini miguu kuvimba, pete kugoma na kichwa kuuma, vikija pamoja kwa mjamzito, havisubiri Krismasi. Uende kliniki siku hiyo hiyo utakapopata barua hii, upimwe presha, na uwaambie ulichokuwa unakula. Usione haya. Haya ni yangu.

Mboga ni kisamvu, majani ya mlonge, majani ya kunde, mchicha kama mvua imeshauotesha. Nimeandika majina ili neno lisikudanganye tena.

Fakihi anapita njia panda sasa hivi na hapitii kwetu leo. Natoka nikamsimamishe barabarani. Ikiwa unaisoma barua hii, basi niliweza.

Lois


Lulindi, Masasi
3 Januari 1995

Dada Josephina,

Shikamoo. Krismasi tuliila bila furaha kubwa. Baba amemwuzia korosho yule mnunuzi wa tatu, yule asiyesema sana. Mvua inanyesha kila siku, wanasema mlimani barabara imekatika, na Fakihi hajaonekana tangu siku ile. Kwa hiyo labda umeandika na barua imekwama. Kila asubuhi najiambia hivyo.

Majina yametoka. Langu halimo. Nakuandikia kwa sababu najua utauliza.

Mama aliniuliza kwa nini siku hizi simalizi chakula changu. Nikamweleza yote, habari ya Newala, ya damu, ya papa, na kwamba neno lilikuwa langu. Hakunigombeza. Alisimama akaenda nyuma ya nyumba, akachuma majani ya mlonge mpaka ungo ukajaa, kana kwamba ungeweza kuyala kutoka huko uliko. Jioni tukayapika, tukayala sisi wawili.

Andika hata neno moja. Sitakuita Panya tena.

Mdogo wako,
Lois


Mnyambe, Newala
11 Januari 1995

Mdogo wangu Lois,

Marahaba, na endelea kuniita Panya.

Barua yako ya Desemba haikulala chini ya kiti. Fakihi alisimamisha gari mbele ya duka, watu wamejaa, na kabla hajaitoa mfukoni akasimulia kwanza. Anasema yule binti wa Lulindi anayemwamkia kwa kunong'ona, amemkuta katikati ya barabara ametanua mikono yote miwili, watu kumi na watano juu ya magunia wanamtazama. Anasema ulimwambia, “Barua hii isilale.” Akasema honi yake mwenyewe haina sauti kama hiyo. Mimi nilibisha. Nikasema huyo si Lois wetu.

Stefano alinipakia kwenye baiskeli siku hiyo hiyo. Presha ilikuwa imepanda, si sana, lakini nesi hakutabasamu. Akapima mkojo, akasema nimefika mapema, nilale, niache chumvi, na nirudi kila baada ya siku tatu. Nimelala siku nyingi nikihesabu mabati. Nilitaka kukuambia kwamba sikuandika kwa sababu nilikatazwa kazi. Si kweli. Sikuandika kwa sababu niliogopa, na kila nilichoanza kuandika kilikuwa mzaha, nao haukuwa unachekesha.

Mama mkwe siku nzima hakuingia jikoni. Alidhani amenidhuru kwa mkono wake. Kesho yake akanijia kitandani, akasema, “Kumbe majani? Majani ndiyo tunawapa mbuzi,” akacheka mpaka akakaa chini. Sikumwona tena mpaka jioni, alikuwa anachuma.

Sasa sikia. Nilipoanza kuamka, saa nne nikaenda kwenye kopo la biskuti, mazoea tu. Nikafungua. Ndani hamna biskuti, kuna bakuli limefunikwa kwa jani la mgomba: kisamvu cha karanga, na juu yake kipande cha embe. Kesho yake mbaazi na papai. Keshokutwa mlonge. Kila siku. Mama mkwe analitia kwa siri, nami nalirudisha bakuli tupu mle mle kwenye kopo. Stefano analiona likiingia limejaa na likitoka limelambwa, na habari za panya ameacha kuwasimulia wateja. Nadhani amezijua nyayo.

Jumapili nilikuta yai. Limechemshwa na kumenywa. Nilikula, nikatoka nje nikijifuta mdomo. Mama mkwe alikuwa anatwanga, na bila kuinua macho akaniambia kwamba kofia za watoto zinauzwa Newala.

Namba ya damu uliyokuwa unaiuliza ilikuwa saba. Sikuiandika kwa sababu wewe ungempelekea Nesi Yasinta, na asingecheka, na ungeniandikia kwamba hakucheka. Jana ilikuwa kumi. Nesi wa huku hakuamini, akapima tena, kumi. Presha imeshuka na miguu imerudi kuwa yangu. Nimeruhusiwa. Wamejaza mawe pale barabara ilipokatika, na Fakihi anakuja kunichukua Jumamosi tarehe 21, kiti cha mbele, Stefano juu kwenye magunia. Mama mkwe ameshafunga mzigo wa kisamvu kikavu kana kwamba Lulindi hakuna mihogo.

Kuhusu majina, nimeusoma ule mstari wako mmoja. Nikifika utaniambia mingine.

Panya


Lulindi, Masasi
18 Januari 1995

Dada Panya,

Shikamoo. Barua hii Fakihi atakupa akija kukuchukua, uisome mkiwa njiani. Huku wote wazima, hata Baba ameanza kutembea kama watu.

Leo ni Jumatano. Nesi Yasinta aliniita mbele na kunipa fimbo ya kuelekezea picha. Nilimwambia siwezi. Akasema aliyesimamisha lori hawezi kushindwa na akina mama ishirini waliokaa. Nikaishika ile fimbo kwa mikono miwili.

Niliwauliza wakisikia neno mboga wanasikia nini. Wakasema dagaa. Papa. Kambale. Mmoja akasema mbuzi, wakamcheka. Nikaelekeza fimbo kwenye mchicha, nikawaambia huu nao ni mboga, na ndio anaousema nesi. Halafu nikawasimulia habari ya mama mmoja wa mbali ambaye mdogo wake alimwandikia neno bila kidole. Sikumtaja mtu. Nilipofika kwenye kandambili, mama mmoja wa nyuma akanitaka nipaze sauti, hataki kukosa. Nikapaza. Wakauliza maswali mpaka jua likafika kichwani: kunde kavu zinafaa, mayai je, na kama njaa hiyo itakwisha. Nesi aliwajibu kuhusu njaa, mimi nikawajibu kuhusu mayai.

Mwishoni mama yule wa nyuma akaniuliza kama habari yote ni ya kweli au nimeitia chumvi. Nesi akasema chumvi ya mwaka huu inaruhusiwa kwenye hadithi tu. Nimeambiwa nirudi mbele Jumatano ijayo.

Ile mistari mingine ya majina nitakuambia. Haitakuwa mingi kama nilivyodhani wiki mbili zilizopita.

Chumba chako tayari. Kanga zimefuliwa mpaka zimekuwa laini kama pamba. Mama amepata kopo tupu la biskuti, sijui kwa nani, ameliweka kando ya kitanda chako na kunikataza kuchungulia. Baba, ambaye hajazungumza neno lolote juu ya hali yako tangu Oktoba, leo amepanda darini, akashuka na ule mtego wake wa zamani wa panya, akatoka nao akautupa chooni.  Alinawa mikono, akauliza lori linafika saa ngapi.

Lois